Gorogoro Nane

Mwaka ule bei zilipokosa adabu, mshahara wangu haukupungua hata shilingi. Uliingia mwisho wa mwezi na tarakimu zake zilezile, na simu ikalia mlio wake uleule. Kilichopungua ni andazi. Mama wa chai pale nje ya shule hakupandisha bei, lakini kila wiki andazi lilirudi dogo kidogo, hadi siku moja nikaliuma nikakuta ndani ni hewa tupu. Nikamuuliza kama amelikaanga au amelipuliza. Akacheka, akaniambia nikitaka kubwa nije na unga wangu.

Dukani, mche wa sabuni uliokuwa ukikatwa vipande vinne ulianza kukatwa sita, na muuzaji akaacha kisu akawa anakata kwa uzi ili asipoteze hata chenga. Mafuta ya kula tulianza kuyanunua kwa kikombe cha kahawa. Ukitaja bei ya jana, muuza duka alikutazama kwa huruma. Redioni walisema ni mfumuko wa bei wa dunia nzima. Pale kijijini Gorong'a watu walisema ni dizeli, wengine wakasema ni malori yanayotoka mpakani Sirari kuja kuzoa mahindi kabla hayajakauka vizuri, yakilipwa kwa pesa ya Kenya. Mimi sikujali ni nani. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyeniuzia kitu.

Mimi ni mtu wa Singida. Serikali ilinileta Gorong'a kufundisha Hisabati shule ya msingi, nikaja na begi na godoro, mke na watoto wawili nikawaacha nyumbani. Nusu ya mshahara ilikwenda kwao. Nusu iliyobaki, kabla ya mwaka ule, ilinitosha na kusaza. Sasa ikawa inafika tarehe kumi na tano, inakata roho.

Tulikuwa watumishi watatu wageni kwenye nyumba za shule na zahanati: mimi, mwalimu wa Kiswahili aliyetoka Tanga, na muuguzi mmoja kijana wa Kagera ambaye kila siku aliulizia ndizi. Tukaona kila mtu kuwasha jiko lake ni wazimu. Tukaamua kula chungu kimoja. Muuguzi atanunua dagaa na maharage, mwalimu mwenzangu mafuta, chumvi na vitunguu, na mimi mahindi ya ugali, kwa sababu, walisema, mimi ndiye najua hesabu.

Mpishi tulimpata kilima cha pili. Alikuwa mjane wa miaka kama sitini, anayelea wajukuu watatu walioachwa na binti yake. Tulipotaka kupatana naye mshahara alikataa pesa.

"Hela yenu inaharibika kabla sijafika dukani," alisema. "Mnipe unga. Gorogoro moja kila Ijumaa, na mchana nakula hapa."

Gorogoro ni kopo la bati, zamani lilikuwa la mafuta ya kupikia, linaingia kilo mbili. Huku ndicho kipimo cha kila kitu: mahindi, maharage, ulezi, dagaa. Mizani ipo kwa wenye maduka makubwa. Mkulima na mama wa sokoni wana gorogoro. Na huyu mama alikuja na yake kutoka nyumbani, ndiyo aliyopimia ujira wake kila Ijumaa. Nilipiga hesabu: watu wanne, siku saba, na ujira wake, inatoka gorogoro nane kwa wiki. Nikajipa kazi ya kununua nane kila Jumamosi gulioni, kuzipeleka mashine ya kusaga, na kumwaga unga kwenye sanduku la bati jikoni.

Gulioni nilikuwa na bahati, au niliona hivyo. Siku moja, kati ya magunia, nilimsikia mtu akiongea kwenye simu kwa Kinyaturu. Ugenini, lugha ya nyumbani inakuvuta shati. Nilisimama mpaka akamaliza, nikamsalimia kwa lugha yetu, tukashikana mikono tusiachiane. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, anatoka kijiji kisichokuwa mbali na kwetu. Baba yake tulimfahamu. Tangu siku hiyo sikununua kwa mtu mwingine.

Na bei zilipoanza kukimbia, yeye hakukimbia nazo. Wenzake kushoto na kulia walipandisha mara tatu ndani ya miezi miwili. Yeye aliniambia, "Kwako bei ni ileile, ndugu yangu. Tusaidiane huku tuliko." Alijaza gorogoro mpaka ikafanya kichuguu, akamimina kwenye kiroba changu, na ya mwisho akaongeza ukufi mmoja juu. Niliporudi jikoni nilijisifu. Niliwaambia wenzangu kwamba shule nzima inalia na mahindi isipokuwa mimi, kwa sababu nina mtu wangu. Mama mpishi alikuwa anachambua mboga pale chini, akasema Mungu ambariki mtu huyo.

Unga ukaanza kuisha mapema.

Mwanzo ulitufikisha Jumamosi na wa uji ukabaki. Kisha ukaisha Ijumaa baada ya mama kupima ujira wake. Kisha, ukitenga gorogoro ya mama ya Ijumaa, Alhamisi mchana tukawa tunakwangua kona za sanduku kwa mwiko. Nilikaa na daftari langu nikarudia hesabu. Watu walikuwa walewale, siku zilezile, na nane ni nane. Mwenye mashine nilimtoa kwenye orodha, maana nilikuwa nasimama mbele yake mpaka punje ya mwisho inashuka. Muuguzi na mwalimu hawakuwa na ufunguo wa jiko. Aliyekuwa nao ni mimi na mama.

Nikaanza kumwangalia. Njaa inampa mtu macho mabaya. Niliona anavyochota unga kwa ukarimu akisonga. Niliona anavyokung'uta mwiko. Nililitazama hata lile kopo lake la Ijumaa, nikaona kama ni kubwa kuliko makopo mengine. Asubuhi, kabla ya kwenda darasani, nilianza kukandamiza kiganja changu juu ya unga ili alama ibaki, nione kama kuna mkono mwingine utakaopita. Siku ya pili aliniuliza.

"Mwalimu, hii mkono kwa unga ni ya nini?"

"Naangalia kama una unyevu."

Alinitazama kidogo, akafunika sanduku. Mimi nilijisikia vibaya mpaka kengele ya kipindi cha kwanza, halafu nikasahau.

Alhamisi moja unga uliisha kabla ya kuiva kwa maharage. Tulikula maharage matupu kwa kijiko. Muuguzi, aliyekuwa ametoka zamu bila kupumzika, aliweka bakuli chini kwa kishindo, akasema mtu mmoja hapa ananenepa. Mwalimu wa Kiswahili akamwambia asimseme mtu ambaye hajamwona. Nilikwenda nikasimama mlangoni, na mama alipotaka kutoka nikamwambia afungue kikapu chake.

Hakubisha. Alikiweka chini, akatoa kitenge, akakikunjua. Akatoa majani ya maboga yaliyofungwa kwa ugomba. Akatoa kisu. Kila kitu alikiweka chini taratibu, mbele ya viatu vyangu, mpaka kikapu kikawa kitupu, akakipindua.

"Umeona?"

"Leo hakuna," nilisema.

Neno hilo "leo" nilisikia linavyotoka, na sikulizuia. Alikusanya vitu vyake, akaenda.

Jirani yetu, mzee mwenye ng'ombe ambaye boma lake linapakana na uwanja wa shule, ndiye aliyetuuzia maziwa. Asubuhi iliyofuata nilikwenda na chupa yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura," akajibu; ndivyo wanavyomwita kijana huku. "Mbona sura hivyo?"

Nikamwaga yote. Nilikuwa na haja ya mtu wa kunionea huruma. Nilimwambia tunavyojinyima, mahindi yanavyonunuliwa kwa jasho, na kwamba yule mama anatuibia unga.

Mzee aliacha kumimina maziwa. "Umesema anaiba?"

"Ndiyo."

"Umesema wewe, na mimi nimesikia?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya," akasema, akanifungia chupa.

Kwetu, ukimwambia jirani kwamba fulani anakuibia, jirani anasema pole, anakupa na kisa chake, mnaachana. Hapo ndipo nilipokosea, na nadhani ni kosa ambalo mgeni peke yake anaweza kulifanya. Sikujua kwamba mzee yule ni mtu wa ritongo. Ritongo ni baraza la wazee wa eneo, ndilo linalosikiliza mambo ya wizi, mipaka na ugomvi kabla hayajafika kwa mtendaji. Na kwa watu wa pale, neno "anaiba" likisemwa mbele ya mzee wa ritongo, aliyesema ameshafungua kesi. Yale maswali yake mawili hayakuwa ya mshangao. Alikuwa ananipa nafasi ya kunyamaza, mara mbili.

Jumatatu darasani watoto waliniangalia kuliko walivyoangalia ubao. Wakati wa mapumziko mwalimu mwenzangu alinifuata ofisini, uso umemvimba kwa hasira.

"Umefanya nini wewe? Mama ameitwa ritongo, Jumapili baada ya kanisa. Kilima kizima kinajua."

Ndiye aliyenieleza, yeye aliyekaa pale miaka mingi kuliko mimi. Mwizi wa ng'ombe akipatikana na hatia ana ng'ombe wake wa kulipa faini, na maisha yanaendelea. Huyu mama hakuwa na kitu cha kulipa. Angetengwa. Asingeombwa moto wala kupewa, asingesaidiwa kulima, hakuna ambaye angempa kazi, na akifiwa na mjukuu asingepata wa kushika jembe la kaburi. Bei zile, mjane bila kibarua na bila jirani, na watoto watatu ndani.

Jioni nilirudi kwa mzee. Nikamwambia tuyaache, ni mambo madogo, tutamalizana jikoni.

"Mura, umemwita mama ya watu mwizi," alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Ataishi na hiyo neno wapi? Yeye mwenyewe amekataa tuyaache. Amesema anakuja. Na nyinyi wote wawili mtaapa."

Akanieleza kiapo kwa maneno machache, kama mtu anayeelekeza njia. Anayeapa uongo, uongo haumfuati yeye. Unakwenda nyumbani kwake, unaanza na wadogo.

Mimi ni Mkristo, nikajiambia hayo hayanihusu. Lakini wiki ile kila usiku nilifungua simu nikatazama picha ya wanangu. Mama hakuja tena kupika, tukawa tunapika kwa zamu bila kuongea. Na bado, niseme kweli, ndani yangu kulikuwa na sehemu iliyotaka kushinda. Niliandika hesabu zangu upya kwenye karatasi safi, kwa wino mweusi, nikapiga mistari kwa rula. Nilitaka wazee waone kwamba sikumsingizia mtu.

Jumamosi nilikwenda gulioni kama kawaida. Rafiki yangu wa Singida nilimsimulia. Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Watu wa huku uwe nao macho, ndugu yangu," alisema huku akinipimia, na kwa ajili ya matatizo yangu akaongeza ukufi wa pili. Nilimshukuru. Mashine siku hiyo haikuwa na umeme, kwa hiyo kiroba changu nilikirudisha nyumbani na mahindi yake bila kusaga.

Ritongo ilikaa kwenye uwanja wa shule, upande wa goli la chini, jua likiwa bado kali. Wazee kama kumi na wawili walikuja na vigoda vyao. Vijana walisimama nyuma yao. Wanawake walikaa ng'ambo, kwenye majani, wengi wakiwa na nguo za kanisani. Mama alikaa mbele yao peke yake, kitenge kimefuliwa, na ile gorogoro yake ameipakata. Alikuwa ameambiwa aje nayo kwa kuwa ndiyo aliyopimia ujira. Wenzangu wawili walikaa mbali na mimi. Sikuwalaumu.

Mzee jirani ndiye aliyeuliza maswali, akigeukia Kiswahili kila ilipofika zamu yangu. Nilisimama na karatasi yangu, nikasoma kama mbele ya mkaguzi: gorogoro nane zinaingia, saba zinaliwa, moja ni ujira, haibaki wala haipungui. Sasa inapungua. Mzee mmoja mwenye miwani aliomba karatasi, akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia.

"Mama?"

"Nimepika," alisema. "Mchana nimekula. Ijumaa nimebeba gorogoro yangu moja. Ingine sijui."

"Uko tayari kuapa?"

"Niko tayari." Alijibu swali kabla halijaisha.

"Mwalimu?"

Niliuliza nitaapa nini hasa. Mzee akasema nitaapa kwamba kila wiki niliingiza gorogoro nane kamili ndani ya jiko lile, na kwamba mama huyu alizipunguza. Kamba ya bendera ilikuwa ikigonga mlingoti. Niliwaza wanangu. Kisha nikawaza karatasi yangu, jinsi ilivyokuwa sahihi, nikapiga hatua mbele.

"Ngojeni," mama akasema.

Alikuwa amesimama. Aliongea na wazee Kikurya kidogo, halafu akakata, akaendelea kwa Kiswahili ili na mimi nisikie.

"Asiape kwanza. Huyu ako na watoto wawili kwao, amenionyesha picha yao kwa simu. Apime kwanza. Jana mashine haikuwa na umeme, ile mahindi yake haijasagwa, iko kwa nyumba yake. Ipimwe hapa, kila mtu aone, ndio aape."

Nilikasirika. Nilidhani anatafuta kuchelewesha. Nikasema sawa, kiletwe, hata sasa hivi. Vijana wawili walikwenda wakarudi na kiroba changu, mdomo bado umefungwa kwa fundo langu mwenyewe. Likatandikwa turubai. Mwenye miwani akapiga magoti, akachukua gorogoro ya mama, akaanza kupima na kuhesabu kwa sauti, na watu wakihesabu naye. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Ya saba ilifika nusu. Kiroba kikakung'utwa.

"Kopo lake ni kubwa!" nilisema. Sauti yangu niliisikia imepanda juu. "Nimeliona siku zote, hilo kopo ni kubwa!"

Mwanamke mmoja akainuka kutoka kwenye majani, akakimbia nyumba ya jirani, akarudi na gorogoro nyingine. Ikatoka sita na nusu. Mwenye duka la sabuni akaleta ya kwake, maana na yeye alikuwepo, na yeye hakuwa rafiki wa mtu pale. Sita na nusu.

"Hii ni Hisabati gani, mwalimu?" mwenye miwani akauliza, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. Ninafundisha ujazo darasa la sita. Ninawaletea watoto makopo na maji, ninawauliza kitu gani kitatokea kitako cha kopo kikipanda. Na sasa niliiona wazi ile gorogoro ya rafiki yangu, jinsi alivyoishika siku zote kwa kiganja chini, na jinsi ambavyo hata siku moja sikumwona akiiweka chini mezani. Alikuwa amegonga kitako kwa nyundo kikaingia ndani. Kila bei ilipopanda, akakigonga tena. Kichuguu cha juu na ukufi wa nyongeza vilikuwa vya macho yangu. Mama wa chai alipunguza andazi, nikaona na nikamtania. Huyu alinipunguzia kipimo chenyewe, sikuona, kwa kuwa aliniita ndugu kwa lugha ya mama yangu.

Nilieleza hayo kwa wazee, vipande vipande. Kule kwenye majani mwanamke mmoja akapiga kigelegele, mzee akamnyamazisha kwa mkono, lakini wengine wakaendelea chini chini. Mama hakupiga. Alikuwa amekaa tena, ameziba uso kwa kitenge, mabega yanatetemeka. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akilia, na nilitamani ardhi ya uwanja ule inimeze mzimamzima.

Hukumu haikuchukua muda. Mama hana neno. Mwalimu atatoa mbuzi kwa kumpaka mama ya watu uchafu. Nikakubali kabla hawajamaliza. Mbuzi yule, kwa bei za wakati ule, alinila mwezi mzima na akala na ada ya mwanangu, na ndani ya mwezi huohuo chungu chetu kilivunjika, kila mtu akarudi kwenye jiko lake. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumapili ile nilidhani yamekwisha, nikaanza hata kupumua.

"Nani alikupimia?" mzee jirani akauliza.

Nilimtazama.

"Huyo mtu wa gulioni. Mwenye gorogoro. Ni nani?"

Vijana wawili waliobeba kiroba changu walikuwa wameshatoka kwenye mstari. Mmoja alikuwa anakunja mikono ya shati. Hawakupiga kelele wala kutishia, walisema tu wanaomba waonyeshwe. Nilijua jina la mtu yule. Nilijua kofia yake ya bluu, mahali pa magunia yake, chumba alichopanga, na jina la baba yake. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo, mpaka jua lizame atakuwa mikononi mwa watu ambao mwaka huo kila mmoja alikuwa ameibiwa na kitu asichoweza kukishika. Nilijiambia ninaokoa roho ya mtu. Huenda ilikuwa kweli. Lakini chini ya hilo kulikuwa na jambo jingine ambalo sipendi kulisema: yule alikuwa wa kwetu.

"Simkumbuki, mzee," nilisema. "Gulioni watu ni wengi."

Hakuna aliyebisha. Mzee alinitazama mpaka nikaangalia chini, akasema haya, akainua kigoda chake. Watu wakaanza kutawanyika. Nilipiga magoti kwenye turubai kukusanya mahindi yangu ili nipate mahali pa kuweka uso. Nikaona miguu ya mama imesimama mbele yangu, viatu vyake vya raba vya kanisani.

"Mama, nisamehe."

"Kila Jumamosi ulinunua kwa mtu mmoja," alisema. Aliongea polepole, kwa sauti ya chini. "Umetuambia mwenyewe pale jikoni. Mtu wako. Mpaka mimi nikamwombea kwa Mungu."

Niliendelea kukusanya punje.

"Na yeye umemsahau."

"Mama..."

"Mimi ulinikumbuka."

Aliwafuata wanawake wenzake njia ya kilimani, na mimi nikabaki nikiokota mahindi.